Ufunguo Mkononi, Injini Inaunguruma

Jumamosi ile tulikuwa watu kumi na mmoja, masufuria mawili ya pilau na begi moja la khanga za jukwaani. Wenzetu wa chuo kingine hapa Uingereza walikuwa wametualika kwenye jioni ya Kiswahili, na mzee mmoja wa jumuiya yetu alituazima gari lake la abiria: la dizeli, la gia za mkono, lenye umri unaokaribiana na wa wanachama wetu wa mwaka wa kwanza. Kufika saa tatu asubuhi dereva wetu alikuwa amekwisha kuwapitia wanaoishi mjini, akarudi kwenye maegesho ya mabweni kutuchukua tuliobaki. Aliiacha injini ikiunguruma taratibu, nasi tukaanza kupakia.

Ndipo mlio ukabadilika. Mwanzoni tulidhani dereva anakanyaga mafuta ili kutuharakisha, maana ndiyo tabia yake. Mmoja wetu akamtania, "Kaka, taratibu, pilau halikimbii." Dereva hakucheka. Alisema mguu wake hauko kwenye pedali. Mlio ukazidi kupanda. Akazungusha ufunguo kuzima, injini haikuzimika. Akauchomoa kabisa, akautoa dirishani ili tuuone, kana kwamba tungemshuku. Ufunguo uko mkononi, na injini inapiga resi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia kwenye gari lililosimama.

Moshi mweupe wenye rangi ya buluu ulianza kutoka kwenye ekzosi, ukafunika magari ya jirani, ukafika mpaka madirisha ya ghorofa ya kwanza. Gari zima lilikuwa linatetemeka. Mwenzetu anayesoma uhandisi alikimbilia mbele, akafungua boneti, akasimama pale akiitazama injini kama mtu aliyeingia chumba cha mtihani na kukuta karatasi ya somo jingine. Baadaye alikiri kwamba alikuwa anatafuta waya wa kuchomoa.

Aliyetuokoa ni dada mmoja anayesomea uuguzi, ambaye kwa miaka miwili hatukuwahi kumsikia akizungumzia magari. Alimvuta mhandisi wetu kwa kola ya koti, akatusogeza sote pembeni, kisha akamwendea dereva dirishani akipiga kelele kuushinda mlio: "Kaka, usishuke! Kanyaga klachi, tia gia ya tano. Kanyaga breki mpaka chini, vuta na ya mkono. Haya, achia klachi ghafla!"

Gari liliruka mbele kama hatua moja, likajikunyata, likafa. Pakawa kimya. Sufuria moja la pilau lilikuwa limemwagika nusu kwenye sakafu ya gari, na harufu ya bizari ilichanganyika na harufu ya oili iliyoungua. Hakuna aliyetazama saa, lakini tukihesabu maneno yaliyosemwa, yote hayo hayakuzidi dakika moja na nusu.

Tunaandika makala haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tumekulia karibu na injini za dizeli: daladala na matatu, mashine za kusaga, jenereta za harusini, mashua za uvuvi. Wengi wetu pia tutarudi kuishi karibu nazo. Ya pili, kati ya watu kumi na mmoja wenye elimu ya chuo kikuu, kumi tulikuwa tunasubiri ufunguo ufanye kazi ambayo haukuwa na uwezo wa kuifanya.

Kwa nini ufunguo haukusaidia

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche. Pistoni hukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi hutoa cheche, mchanganyiko hulipuka, pistoni husukumwa chini. Kata umeme, cheche hakuna. Cheche hakuna, injini imesimama. Ndiyo maana akilini mwetu kuzima gari na kuzungusha ufunguo ni jambo moja.

Dizeli haina cheche. Inavuta hewa tupu na kuikandamiza kwa nguvu nyingi zaidi, kwa kawaida mpaka ibaki sehemu moja kati ya 15 hadi 20 ya ukubwa wake wa mwanzo. Yeyote aliyepampu baiskeli kwa haraka anajua kwamba hewa ikikandamizwa hupata joto. Ndani ya silinda ya dizeli joto hilo hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hunyunyiza mafuta, na mafuta hujiwakia yenyewe kwa kukutana na hewa hiyo. Hakuna kinachoyawasha isipokuwa joto la mkandamizo.

Kuna tofauti ya pili. Katika gari la petroli, ukikanyaga pedali unafungua kilango cha hewa. Katika dizeli za kawaida za zamani kilango hicho hakipo: injini huvuta hewa yote inayoweza kuivuta, wakati wote. Kinachopima mwendo wake ni kiasi cha mafuta yanayoingia. Pampu ikitoa mengi injini inakwenda kasi, ikitoa machache inapungua, isipotoa kitu inasimama. Ufunguo wa gari la dizeli kazi yake ni hiyo moja ya kuiambia pampu iache kutoa mafuta. Kwenye injini za zamani zaidi hata ufunguo hauhusiki. Kuna kishikio unachokivuta mpaka injini ife.

Sasa tuulize swali ambalo asubuhi ile hatukuliuliza. Itakuwaje kama injini imepata mafuta mengine yasiyopitia kwenye pampu? Jibu ni kwamba itaendelea kuwaka. Ufunguo utaifunga pampu kama ulivyotengenezwa, na injini haitajali, kwa kuwa haili tena kutoka kwenye pampu.

Mafuta yasiyotoka tangini

Oili ya kulainishia injini imetokana na petroli ghafi kama dizeli yenyewe. Ikiingia kwenye hewa moto ya silinda kama ukungu au matone madogo, inawaka. Zipo njia kadhaa za kuingilia huko.

Njia inayotajwa zaidi na mafundi ni turbo. Turbo ni feni inayosukumwa na moshi wa ekzosi ili ishindilie hewa ndani ya injini. Mhimili wake unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hulainishwa kwa oili ya injini hiyo hiyo. Beringi na sili zake zikichakaa, oili huvuja upande wa hewa na kupelekwa moja kwa moja kwenye silinda.

Njia nyingine ni ringi za pistoni zilizokwisha. Moshi wa ndani ya silinda hupenya kwenda chini, huchafua hewa ya kwenye bakuli la oili, na hewa hiyo yenye ukungu wa oili hupitia kwenye bomba la kupumulia la injini. Katika injini nyingi bomba hilo limeunganishwa na njia ya kuvutia hewa, kwa hiyo ukungu huo hurudishwa kuchomwa.

Njia ya tatu ndiyo yetu, na tunaieleza kwa aibu. Alhamisi mmoja wetu alipima oili ya gari tuliloazimwa, akaiona iko chini, akaongeza lita mbili. Ijumaa usiku mwingine, bila kuambiwa, akapima tena, akaiona iko chini vilevile, naye akaongeza lita mbili. Mara zote mbili gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, na kijiti cha kupimia oili husema kweli gari likiwa mahali tambarare tu. Oili ilipozidi, krenki ilianza kuichapa na kuivuruga mpaka ikawa povu na ukungu, na ukungu ukapanda kwenye bomba la kupumulia, ukaingia kwenye hewa. Fundi alipoifungua siku ya pili alimwaga karibu lita nne zilizozidi. Mpira wa kupitishia hewa ulikuwa umelowa oili ndani kote.

Kwa hiyo hatukuwa na turbo mbovu wala injini iliyochoka kupita kiasi. Tulikuwa na watu wawili wenye nia njema ambao hawakuzungumza.

Kinachofanya hali hii itishe ni jinsi inavyojilisha. Injini ikienda kasi zaidi, krenki inachapa oili zaidi, turbo inasukuma kwa nguvu zaidi, oili inaingia zaidi, na kasi inazidi. Gavana, kile kifaa kinachoizuia injini isipite mizunguko iliyopangiwa, hakisaidii, kwa sababu naye anatawala mafuta ya pampu tu. Injini ikiachwa hivyo itakwenda mpaka oili iishe na vyuma vishikane, au mpaka kitu kivunjike. Mara nyingi kinachovunjika ni konrodi, mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki. Konrodi ikikatika kwa mwendo huo inaweza kutoboa ukuta wa injini na kuruka nje kama risasi. Mhandisi wetu alikuwa amesimama pale pale.

Injini isiyochagua

Tabia hii haikuanza na magari ya leo. Imo ndani ya wazo lenyewe la injini hii. Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 na wazazi wa Kijerumani, alitaka injini inayowasha mafuta kwa mkandamizo bila msaada wa moto wa nje. Mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, injini yake ilipimwa na kuonekana kwamba imefaulu. Miaka mitatu baadaye, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto ya Ufaransa ilionyesha injini ndogo ya Diesel ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ilikwenda vizuri kiasi kwamba ni watu wachache tu waliotambua tofauti.

Sisi tuliokua tukinunua karanga za kukaanga kwenye vikaratasi tunaweza kufurahia habari hiyo, na hatukosei. Lakini ina upande wa pili. Injini inayokubali mafuta ya karanga haina namna ya kukataa oili yake yenyewe. Haina namna ya kukataa gesi pia.

Tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, mnara mmoja ulijazwa kupita kiasi wakati mitambo ikiwashwa upya. Kimiminika kinachowaka kilifurika, kikamwagika kupitia bomba refu la kutolea, na mvuke wake ukatambaa ardhini. Karibu na hapo palikuwa na gari dogo la mizigo la dizeli, injini ikiwaka. Lilivuta mvuke ule pamoja na hewa, likaanza kupiga resi. Wafanyakazi waliokuwa karibu walijaribu kuizima injini wakashindwa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali iliona kwamba gari hilo huenda ndilo lililowasha wingu lile. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa.

Miaka mitano baadaye, tarehe 20 Aprili 2010, gesi ilipanda kutoka kwenye kisima cha Macondo katika Ghuba ya Mexico na kufunika mtambo wa kuchimbia wa Deepwater Horizon. Manusura walieleza kwamba walisikia injini za jenereta zikipanda kasi, na taa zikazidi kung'aa mpaka balbu zikapasuka. Watu 11 hawakurudi.

Katika ajali zote mbili chanzo kilikuwa mbali na injini: ni makosa ya kuendesha mnara na kisima. Lakini somo kuhusu injini ni lile lile tulilolipata sisi kwenye maegesho, tukiwa na masufuria ya pilau. Mafuta yakishaingia kwenye hewa, swichi si mali kitu.

Kilichobaki ni hewa

Ikiwa huwezi kuinyima mafuta, inyime hewa. Injini yoyote inayochoma kitu inahitaji hewa, na hewa ya dizeli inapita kwenye mdomo mmoja. Ukiuziba mdomo huo vizuri, injini inakufa kwa sekunde chache, hata kama ina oili ya kuchoma siku nzima. Wanaofanya kazi na injini kubwa wanalijua hili zamani. Injini nyingi za Detroit Diesel za mipigo miwili, za ukoo ulioanza mwaka 1938, ziliwekewa kilango cha dharura kwenye njia ya hewa ambacho dereva alikifunga kwa kuvuta waya. Leo kwenye visima vya mafuta na gesi magari na jenereta za dizeli hufungiwa vilango vya aina hiyo, vingine vinavyojifunga vyenyewe mizunguko ikizidi.

Gari la kawaida halina kilango cha dharura cha kuvuta. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa fundi, kwa mhandisi wetu aliyerudi kwenye vitabu vyake kwa hasira, na kwa dada wa uuguzi.

Kwanza, amua haraka. Zungusha ufunguo mara moja. Kama injini haizimiki na kasi inapanda, usipoteze muda kuzungusha tena na tena.

Pili, kama gari ni la gia za mkono na uko kwenye kiti cha dereva, fanya kama tulivyofanya: klachi, gia ya juu kabisa, breki ya miguu mpaka chini pamoja na ya mkono, kisha achia klachi kwa ghafla. Gia ya juu ndiyo inayoipa injini mzigo mzito zaidi. Hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari. Fanya mapema, kwa sababu injini ikishapanda sana klachi inaweza kuteleza na kuungua badala ya kushika. Klachi ya gari letu haikufaa tena baada ya siku ile, na hatujuti. Gari la gia za otomatiki halizimiki kwa njia hii.

Tatu, ziba hewa. Tumia kitu kigumu, bapa, kipana kuliko mdomo wenyewe: kipande cha ubao, bati nene. Usitumie kiganja kamwe. Mvuto wa injini iliyopagawa unaweza kuunyonya mkono na kuujeruhi vibaya. Usitumie kitambaa chepesi au mfuko wa plastiki, kwa kuwa unamezwa. Na uzibe mdomo wenyewe. Ukiziba juu ya chujio ambalo kasha lake limepasuka, hewa itapita pembeni na injini itaendelea kukucheka.

Nne, mtungi wa kuzimia moto wa gesi ya kabonidioksidi unaweza kusaidia ukielekezwa kwenye mdomo wa hewa, kwa sababu gesi hiyo inachukua nafasi ya oksijeni. Faida yake ni kwamba mkono wako unabaki mbali kidogo.

Tano, usilegeze mabomba ya nozeli injini ikiwaka. Katika magari mapya ya dizeli mafuta hupita kwenye mabomba hayo kwa msukumo unaoweza kufika mara 2,000 ya ule wa hewa inayotuzunguka, na mchirizi mwembamba kama uzi hupenya ngozi. Kama tatizo ni oili, isitoshe, kukata dizeli hakutabadilisha chochote.

Sita, na hili ndilo gumu kwa vijana: kama huna cha kuzibia, au huujui mdomo wa hewa uko wapi, ondoka. Waondoe na wengine, msimame mbali na ubavu wa injini. Itajimaliza yenyewe. Injini hununuliwa.

Dalili zipo kabla ya siku yenyewe: moshi wa buluu asubuhi, gari linalokula oili bila kuvuja chini, mpira wa hewa uliolowa oili, kiwango cha oili kilichopita alama ya juu. Hiyo ya mwisho wengi wetu tulidhani ni dalili ya utunzaji mzuri. Kumbe oili iliyozidi ni hatari kama iliyopungua.

Ubao kwenye msumari

Jioni hiyo hatukwenda kokote. Gari lilivutwa, nasi tukakaa jikoni kwenye bweni tukila nusu ya pilau iliyosalimika, na hapo ndipo tulipomuuliza dada yetu alijulia wapi.

Baba yake ana mashine ya kusaga kijijini kwao mkoani Iringa. Ni injini ya silinda moja, ya kuwasha kwa hendeli, yenye magurudumu mawili mazito na mkanda unaozungusha kinu. Kwenye ukuta wa kibanda, kwenye usawa wa mkono wa mtu mzima, kuna msumari, na kwenye msumari huo umening'inizwa kipande cha ubao wa mninga kilichokatwa kwa kipimo cha mdomo wa hewa. Watoto waliruhusiwa kucheza na magunia, na pumba, na hata mizani baba akiwa na hali nzuri. Ubao ule hawakuruhusiwa kuugusa. Katika maisha yake yote ameona ukitumika mara moja tu. Baba alitoka kupima mahindi ya mtu, akasikia mlio, akauchukua ubao bila kukimbia, akaubandika kwenye mdomo wa hewa, injini ikazimika. Kisha akaurudisha msumarini na kumalizia kupima mahindi.

Habari ya gia alifundishwa na kaka yake, dereva wa lori la mbao, kwa sababu, alisema, lori huwezi kulifuata na ubao hali uko nyuma ya usukani.

Mwenzetu wa uhandisi alisema kwamba somo la injini za mkandamizo walilisoma muhula uliopita, na swali la kwa nini dizeli haina cheche alilipatia alama zote. Hakusema hivyo kwa kujisifu. Alichokuwa anakisema, na sote tulikielewa, ni kwamba jibu alikuwa nalo kichwani kwa Kiingereza cha mtihani, na pale mbele ya injini halikumjia kwa lugha yoyote. Dada wa uuguzi hakuwa na maelezo ya mkandamizo, lakini tangu utoto alijua kwamba injini hii huzimwa kwa kuibana pumzi. Tulipowakalisha meza moja, kila mmoja akammalizia mwenzake sentensi, na makala haya yametoka mezani hapo.

Tulibishana pia juu ya jina. Wa Mombasa alisema injini imeingiwa na wazimu. Wa Mwanza akasema imepagawa. Dada yetu alisema baba yake husema tu "imegoma kuzimika". Mwanachama mmoja alipendekeza tutunge istilahi rasmi, tukamwambia asubiri kikao cha kamati. Lakini jambo lenyewe si la mzaha. Dereva anayempigia fundi simu usiku, injini ikilia nyuma yake, anahitaji neno ambalo fundi atalielewa mara moja, na fundi anahitaji kumjibu kwa maneno matatu: "Ziba hewa. Haraka."

Jumapili tulikwenda kwa mzee mwenye gari, wawili walioongeza oili wakiwa mbele. Tulikuwa na bahasha ya fedha za mfuko wa chama za muhula mzima kwa ajili ya klachi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna aliyeumia, tukasema hapana. Akachukua nusu ya fedha, akaturudishia nusu. "Chuma kinanunuliwa, wanangu," alisema. "Mngeumia nyie, ningewaambia nini wazazi wenu?"

Gari limeshatengenezwa na tumeruhusiwa kuliazima tena, kwa masharti. Kuna daftari dogo kwenye droo ya mbele: anayepima oili anaandika tarehe, mahali lilipoegeshwa gari, na alichoongeza. Anayetaka kuongeza anasoma kwanza. Kila anayeendesha anaonyeshwa boneti ikiwa wazi, injini ikiwa baridi, na kuambiwa aweke kidole kwenye mdomo wa hewa ili ajue uko wapi. Na chini ya kiti cha mbele kuna kipande cha ubao ambacho mhandisi wetu alikipima na kukikata mwenyewe. Mninga haupatikani kirahisi huku, akatumia mbao za kitanda kibovu cha bweni.

Wasomaji wetu mlioko Muscat, Dar es Salaam, Nairobi au Minneapolis, tuandikieni. Kwenu injini ya namna hii mnaiitaje? Na kwenye mashine ya kusaga iliyo karibu na nyumbani kwenu, je, ubao upo msumarini? Ukienda likizo, muulize mwenye mashine kwa heshima. Kama haupo, mwachie mmoja.